Sweta Kumi za Damu ya Mzee

Ijumaa, 26 Mei 1972

Daftari hili lilikuwa la Abdulatif, mume wangu. Aliandika kurasa tatu za safari za lori la mbao: Nanyuki, Naro Moru, Nanyuki tena. Halafu kifua kikamshika na safari zikaishia hapo. Leo ni wiki mbili tangu wamzike. Mimi naanza ukurasa wa nne, maana nikikaa kimya siku zote zilizobaki nitajikuta nazungumza na birika.

Niko eda. Miezi minne na siku kumi, hadi tarehe kumi na saba Septemba. Sitoki nje ya ua, sijipambi, sivai nguo ya rangi, na mwanamume wa kando akija na shida anasema nami akiwa nje ya pazia. Hayo yote shemeji yangu Abdulkadir, ndugu wa marehemu, ananikumbusha kila anapokuja kutoka Kianyaga. Asilolitaja ni hili: mjane hukaa eda katika nyumba aliyofiwa, na hakuna wa kumhamisha. Kwa hiyo chumba hiki cha Majengo, hapa Nyeri, pamoja na dirisha lake linalotazama ukuta, ni ngome yangu hadi Septemba.

Baada ya hapo ana mpango. Amenitangazia leo mbele ya Bi Kibibi, mwenye nyumba, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Eda ikiisha atanichukua Kianyaga nikakae nyuma ya duka lake, nimtunze mama yake ambaye miguu imekataa.

"Huna mtoto, huna kazi, shemeji. Nani atakulipia chumba?"

Nikamwambia kazi ninayo, nafuma. Akacheka. Anadhani kufuma ni kitu cha kushughulisha vidole mtu akingoja chai ichemke.

Alipoondoka, Bi Kibibi alibaki mlangoni na bakora yake. "Mwanasiti, chumba changu nampa mtu mwenye kazi. Nionyeshe kazi kabla ya eda kwisha, utabaki. Usiponionyesha, ufunguo nampa Abdulkadir." Nikasema moyoni, haya bibi, leo nimekujua.

Jumamosi, 3 Juni

Manyunyu kutwa. Bi Kibibi amechungulia mara nne.

Jumamosi, 10 Juni

Leo kaja Hezekiah, msimamizi wa wapagazi, wale wanaobebea watu mizigo kupanda mlima, katika kambi moja ya wageni huko Naro Moru. Mwezi wa tatu aliona sweta ya Abdulatif ndani ya lori akaishika shika, akauliza fundi ni nani. Ndipo akaagiza kumi, akaacha na pesa ya uzi. Uzi wa sufu niliununua mwenyewe Aprili, rangi ya damu ya mzee, nikaurundika chini ya kitanda. Halafu ugonjwa ukaingia nyumbani.

Alisimama nje ya pazia. Viatu vyake tu ndivyo nilivyoviona, vimejaa matope ya barabarani.

"Pole sana mama. Bwana yako alikuwa mtu mzuri. Nilikuja kusema, kama hii kazi sasa imekuwa ngumu, si kitu. Tutatafuta mtu ingine."

"Umeleta vipimo?"

"Niko nazo hapa kwa mfuko."

"Pitisha."

Kamba kumi zikaingia chini ya pazia. Kila moja ina mafundo matatu, kifua, mgongo na mkono, na karatasi yenye jina la mtu. Mimi sijawahi kumpimia mtu sweta bila kumwona. Nilizitandaza kitandani, nikawaona wanaume kumi wamelala pale kama kuni.

"Hiyo ndefu ni ya Mutahi," akasema Hezekiah. "Huyo anakula sana. Sasa mama, wageni wanaanza kupanda tarehe kumi na ine mwezi ya nane. Nitakuja kuchukua Jumamosi kabla ya hapo, tarehe kumi na mbili. Na manager anataka zote zifanane kabisa. Ati mgeni akiona watu wamevaa sawasawa, anaamini hawawezi kumwangusha."

"Zitafanana."

"Akipenda hizi kumi, kuna watu arobaini pale wanavaa matambara."

Alipokwenda nilihesabu vidole vyangu kama mwehu. Watu arobaini ni kazi ya mwaka mzima, na hiyo ndiyo kazi ya kumwonyesha Bi Kibibi. Nimetoa uzi chini ya kitanda, nikaanza na Mutahi.

Jumatano, 14 Juni

Habari zimefika msikitini kwamba mjane wa Abdulatif anakaa na nyekundu mapajani. Aliyezipeleka ni Bi Kibibi, nani mwingine. Adhuhuri Sheikh Yakubu alitumwa aje anionye. Akakohoa nje ya pazia.

"Mwanasiti, nasikia una nguo ya rangi."

"Ninayo, sheikh. Ni sweta ya mpagazi wa Naro Moru."

"Umeivaa?"

"Naingia mara mbili humo ndani, sheikh. Ni ya mtu anaitwa Mutahi."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Hujavaa, hujajipamba, hujatoka. Umekaa nyumbani na kazi ya mikono. Sasa walionituma walitaka nikukataze nini?" Akageuka kwenda, kisha viatu vikarudi. Akauliza kama nafuma na soksi pia, maana sakafu ya msikiti siku hizi ni barafu.

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kisha nikaona haya, kisha nikaacha kuona haya.

Jumapili, 18 Juni

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Abdulkadir kaja asubuhi kuorodhesha vitu vya marehemu. Koti, viatu, redio, saa. Halafu akaona sindano zangu za kufumia, jozi tatu za chuma, Abdulatif alininunulia Nairobi. Sweta ya Mutahi ilikuwa bado kwenye sindano, imefika kiunoni.

"Hizi pia alinunua marehemu," akasema. "Mali ya marehemu inangoja kugawanywa."

"Alininunulia mimi."

"Una shahidi?"

Nikamwambia vizuri, shemeji. Mke asiye na mtoto fungu lake ni robo. Nikatie robo ya sindano. Akanitazama ajue kama natania. Sikuwa natania. Akachomoa sindano kwenye kazi yenyewe, vitanzi vyote vikabaki vinaning'inia wazi, akazifunga kwenye gazeti pamoja na wembe wa Abdulatif. Vitanzi mia mbili na ushei, mdomo wazi. Nilivishika kimoja kimoja kwa uzi mwingine, na hakuna kilichochomoka.

Si sindano anazozitaka. Anataka Septemba inikute mikono mitupu.

Jumanne, 20 Juni

Wachuka ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anauza vitunguu sokoni, Jumapili anaenda kanisani, na haogopi mtu. Nilimweleza ya sindano, akaapa kwa Kikuyu maneno ambayo nayajua na siyaandiki.

Nikamtuma kwa Ngatia, fundi wa baiskeli, aniletee spoku tano zilizonyooka, azinoe ncha zote mbili kwenye jiwe. Nilipokuwa msichana hatukujua sindano za duka. Tulifumia spoku, mapaja yametoboka toboka. Karudi nazo zimefungwa kwenye kitambaa cha mafuta.

"Ngatia anasema hataki kitu. Anasema ukimshonea kofia ya boshori, ni sawa."

Spoku nne zinashika vitanzi na ya tano inafuma. Unazunguka tu, kama kusuka kikapu, hadi kwapani. Sweta inatoka bomba moja, haina mshono ubavuni. Vidole vimekumbuka kabla yangu.

Alhamisi, 29 Juni

Ukungu. Jua halijulikani lilikokwenda. Nafuma miili yote kumi kwanza, kuanzia pindo la chini hadi kwapani, ndipo nirudi kwenye mabega na mikono. Sasa ni wa nne. Spoku ni nyembamba, kitanzi kinabana, kazi inakuwa nzito. Nimepuliza kwa mdomo upande mmoja, pumzi haikupita upande wa pili.

Jumatano, 12 Julai

Miili kumi imekwisha, na mabega na mikono ya nne, Mutahi akiwemo. Uzi nao umekwisha. Nilikadiria kwa sindano nene; spoku zimeula wote. Nimemtuma Wachuka dukani na kipande cha uzi na karatasi yake.

Amerudi amelowa. "Rangi ni hiyo hiyo, namba ni hiyo hiyo, niliangalia mara mbili." Nimeulinganisha na ule wa zamani hapa dirishani. Ni mmoja.

Jumamosi, 15 Julai

Ukungu. Mabega ya tano.

Alhamisi, 20 Julai

Ukungu. Mikono. Chai ya tangawizi. Mikono.

Jumapili, 23 Julai

Bi Kibibi kaingia bila kubisha, kama kawaida yake, akakaa kwenye kigoda. Akaichukua sweta moja akaigeuza ndani nje.

"Mshono wa ubavuni uko wapi?"

"Hakuna."

"Kwa nini hakuna?"

Nikamweleza kwamba wapagazi hufunga mizigo kwa mkanda, na mkanda ukikaa juu ya mshono unachubua ngozi. Akapitisha kidole pale ubavuni juu hadi chini. Hakusema vizuri wala vibaya. Alikaa saa nzima ananitazama, nikaona anahesabu kasoro ili akamweleze mtu.

Ijumaa, 28 Julai

Leo nimemkasirikia Abdulatif. Alikohoa mwezi mzima akaniambia ni vumbi la mbao. Angesema mapema ningempeleka hospitali kwa mgongo. Nimelia juu ya mkono wa sweta ya mtu nisiyemjua, nikaukausha, nikaendelea. Nampenda mpumbavu yule hadi leo.

Jumapili, 6 Agosti

Leo jua limetoka.

Nilikuwa nimemaliza zote kumi juzi. Jana nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu, nikazikamua kwa taulo. Asubuhi Wachuka, kabla ya kwenda kanisani, akasema, leo kumetakata, mlima unaonekana mpaka theluji, tuzianike uani. Tukatandaza mikeka, tukazipanga juu yake. Mimi nikarudi ndani kutafuta kanga ya kuzifunika, nzi wasitue.

Nikamsikia akiniita. Hakuita kwa sauti. Alisema tu, "Siti. Kuja uone."

Nne zilikuwa nyekundu moja juu hadi chini. Sita zilikuwa na rangi mbili. Kutoka kwapani kwenda juu, mabega na mikono yote, uzi ulikuwa umekolea zaidi, kama watu sita walionyeshewa mabegani. Nikachukua moja nikaingia nayo chumbani: rangi moja. Nikatoka nayo uani: rangi mbili. Nikaingia tena. Sikuamini macho yangu, nikaenda na kurudi hivyo mara tatu na mguu mmoja una kiatu.

Kosa ni langu peke yangu. Kwenye karatasi ya uzi kuna namba ya rangi, na chini yake kuna namba nyingine ndogo, ya pipa la rangi walilochovyea uzi. Mapipa mawili hayatoi rangi moja, hata wakiandika namba ile ile juu. Kila mfumaji analijua hilo. Mimi nalijua tangu nina miaka kumi na mbili. Lakini siku zote naenda dukani mwenyewe, nasimama mlangoni na uzi mkononi juani, nachagua. Sijawahi kumtuma mtu, basi sikukumbuka kumwambia Wachuka. Na chumba hiki hakina jua, na Julai yote Nyeri haikuwa na jua. Mtu aliye nje angeona siku ya kwanza.

Wachuka alianza kulia. Nikamwambia nyamaza, wewe uliambiwa namba moja ukaleta namba moja. Akafuta machozi akaacha kanisa, akakimbia kumgongea mwenye duka nyumbani kwake. Alirudi na jibu: pipa la zamani limekwisha, hakuna hata donge moja. La pipa jipya liko tele.

Na kama vile aliitwa, Abdulkadir akatokea langoni na kofia yake nyeupe. Sweta zimelala uani, jua limezipiga. Hakuna cha kuficha.

Alizizunguka taratibu. Bi Kibibi akasimama kwenye kizingiti chake, ameegemea bakora.

"Umeona shemeji?" akasema Abdulkadir. "Nilikwambia kaa na msiba wako utulie. Hii ndiyo kazi ya mtu asiyetulia." Kisha akalegeza sauti, na hapo ndipo aliponiumiza, kwa sababu alisema kwa huruma. "Ziache. Huyo mtu wa Naro Moru nitamrudishia mimi kila alichokupa. Hakuna atakayekulaumu. Njoo Kianyaga upumzike."

Nilikaribia kusema ndiyo. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilichoka sana, nikaona jinsi ilivyo rahisi. Kisha nikamtazama anavyozitazama zile sweta. Alikuwa anafurahi. Kidogo tu, kwenye pembe ya mdomo, lakini niliona.

"Shemeji," nikasema, "sogea kidogo. Unaniziba jua."

Akasogea! Mtu mzima na kofia yake, akasogea.

Nikapiga magoti kwenye mkeka. Sita siwezi kuzirudisha zifanane na nne, uzi wa zamani haupo. Lakini nne naweza kuzifanya zifanane na sita. Nifumue zile nzuri hadi kwapani, nifume upya mabega na mikono kwa uzi wa pipa jipya. Nikaichukua ya Mutahi, iliyo safi kuliko zote, ile iliyonusurika mikononi mwa Abdulkadir siku ya sindano, nikatafuta ncha ya uzi shingoni, nikavuta. Mistari ikaanza kukimbia.

"Unaharibu nzuri?" akapiga kelele Abdulkadir. "Huyu mtu amerukwa na akili! Bi Kibibi, umeona?"

"Nina macho," akasema Bi Kibibi.

Wachuka ndiye aliyeelewa kwanza. Akapangusa mikono kwenye gauni la kanisani akakaa karibu nami. "Sweta sita zikikosea ni makosa," akamwambia Abdulkadir. "Kumi zikikosea namna moja, hiyo ni staili. Wewe baba ya duka hujui hiyo?"

Siku sita, mabega manne, mikono minane.

Jumatatu, 7 Agosti

Tangu alfajiri. Hakuna anayeweza kunisaidia kufuma, mkono wa mtu mwingine unaonekana kwenye kazi kama mwandiko. Wachuka anakunja uzi.

Jumatano, 9 Agosti

Ya pili imekwisha. Kidole cha shahada kimepasuka pale spoku inaposukuma. Nimekifunga kitambaa. Mchana nimekuta mlangoni bakuli la maharage limefunikwa sahani. Wachuka hajui habari zake.

Ijumaa, 11 Agosti

Ya tatu imekwisha. Bakuli tena. Nimeitambua sahani, ina ufa kama wa ile ya Bi Kibibi. Sielewi.

Jumamosi, 12 Agosti

Hezekiah alifika saa nne asubuhi. Tisa zilikuwa zimekunjwa. Ya Mutahi ilibakisha mkono mmoja kutoka kwenye kiwiko.

Nikamwambia kutoka ndani ya pazia, "Bwana Hezekiah, kaa hapo kizingitini. Nina habari ya kukupa, na mkono mmoja haujaisha."

Nikamweleza yote. Mapipa mawili, ukungu, chumba cha giza, nne nilizozifumua. Sikupamba. Nikapitisha moja chini ya pazia, nikamwambia aipeleke juani. Nilisikia viatu vinakwenda hadi katikati ya ua vikasimama. Nilikuwa nafuma na sioni ninachofuma.

Viatu vikarudi.

"Mama, hii kitu ungenyamaza, mimi singejua. Ningesema ndivyo ulitaka."

"Ningejua mimi."

Akacheka. Nikasikia anavua koti, kisha sauti yake ikatoka ndani ya sufu, kichwa hakijapita shingoni. "Iko nzito! Ebu ngoja." Akaenda nayo langoni, kwenye upepo, akarudi. "Upepo haiingii. Kabisa! Na hapa kwa mbavu hakuna kitu ya kukwaruza. Wewe mama, wale watu watakulilia."

"Na meneja?"

"Manager nitamwambia ukweli. Hiyo ndiyo shida yako sasa, kwa sababu mimi pia siwezi danganya." Akakaa kizingitini, Wachuka akamletea chai, akanisubiri hadi nilipokata uzi wa mwisho, karibu saa nane. Kisha akafunga kumi zote kwenye gunia akaenda zake.

Nimelala nikiwa nimekaa.

Jumamosi, 19 Agosti

Hakuna habari. Soksi za sheikh.

Alhamisi, 24 Agosti

Barua kutoka Naro Moru, kaileta dereva wa lori la mbao aliyekuwa akifanya kazi na Abdulatif. Hezekiah ameandika kwa herufi kubwa. Wamepanda mara mbili, mvua ya mawe iliwakuta juu, na waliovaa sweta walishuka wakiwa wamekauka kifuani. Meneja ameambiwa habari ya mapipa. Alinung'unika, akaivaa ya Hezekiah kujaribu, akakaa nayo siku nzima. Anataka thelathini zingine, mabega yaliyokolea vile vile, na boshori thelathini. Na safari hii, anasema, nimtume mtu anayeweza kuchagua uzi.

Nimesoma mara sita. Nikatoka uani na barua, nikampa Bi Kibibi aisome mwenyewe, neno kwa neno.

"Hii ndiyo kazi," nikamwambia.

"Nimeona," akasema. Akanirudishia barua akaenda kusonga ugali wake.

Jumapili, 3 Septemba

Nimemkosea mtu, na naandika hapa ili nisisahau.

Abdulkadir kaja kupanga siku ya kunitoa eda. Atakuja na gari ya kukodi na nguo mpya, kama inavyotakiwa: mjane akioga siku ya mwisho, upande wa mume ndio humvika. Nilikuwa chumbani. Alimfuata Bi Kibibi uani akamwambia atalipia chumba miezi mitatu mbele, ampe ufunguo tu, ampangishe mtu wake.

"Sina chumba kitupu," akasema Bi Kibibi.

"Bibi, tulielewana."

"Tulielewana nini? Kila ukija unaniuliza anafanya nini, nami nakwambia anafuma. Hujasikia hata mara moja."

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. Alisema yeye amekaa eda tatu. Ile ya kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa, wakamvika nguo mpya, wakampakia, wakampeleka kwa mama mkwe huko Embu. "Walisema nikapumzike. Nilipumzika miaka kumi na moja, nikimgeuza kitandani na kufua matandiko yake. Nilikuwa na cherehani. Sikuiona tena."

Kumbe alipokuwa anachungulia, alikuwa anataka kujua kama nimeacha. Na mimi nilimwita mpelelezi miezi mitatu nikila maharage yake.

Abdulkadir akakaa kwenye jiwe la kufulia. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia, na kwa mara ya kwanza niliona amezeeka. Akasema mkewe amekataa kumgusa mama, kwa hiyo anamwogesha mwenyewe, mtoto wa kiume, na mama analia kwa aibu. Nilimhurumia. Namhurumia hata sasa. Lakini huruma ni kitu kimoja, na mimi kupakiwa garini ni kitu kingine.

Jumamosi, 9 Septemba

Nina madonge matano yaliyobaki ya mapipa yote mawili, ya zamani ni uzi ule niliofumua. Nimefuma miaka kumi na minane na sijawahi kuwa na sweta yangu mwenyewe. Kila nikianza, anatokea mtu mwenye haraka zaidi. Nimechukua kamba nikajipima kifua, mgongo na mkono.

Jumapili, 17 Septemba

Bi Kibibi alinichemshia maji mwenyewe. Nilioga kabla ya adhuhuri, Wachuka akanisuka.

Abdulkadir akafika na gari. Alileta gauni la kijani, jipya, la kitambaa kizuri, na mtandio. Nguo ya heshima, hakunibania. Nikalivaa. Kisha nikachukua sweta yangu ya damu ya mzee, mabega yamekolea, nikaivaa juu yake, nikatoka.

Ua ulikuwa umejaa watu wa nyumba. Abdulkadir akaitazama sweta, akafungua mlango wa gari.

"Shemeji," nikamwambia, "nguo nimeipokea, Mungu akulipe. Garini siingii."

"Watu wanatutazama, Mwanasiti."

"Waache watazame."

"Nitamwambia nini Mama?"

"Mwambie nitakuja kumwona. Nitamwogesha, nitakaa naye siku mbili, kisha nitarudi kwangu, nina watu thelathini wanangoja. Na wewe tafuta mwanamke wa Kianyaga umwajiri kwa hiyo kazi, umlipe vizuri, maana ni kazi."

Akabaki ameshika mlango. Nilidhani atafoka. Alitazama chini, akasema taratibu, "Siku mbili?" Nikamwambia siku mbili, kila mwezi, na nauli ni yangu. Akafunga mlango wa gari. Nadhani aliufunga polepole.

Kisha nikapita lango. Peke yangu. Miezi minne na siku kumi sijakanyaga barabara, miguu ikaiona ngeni. Nikapita mbele ya msikiti, nikapita kwa Ngatia, nikapanda mjini, na kweli walinitazama. Walinong'ona kabisa: mjane wa Abdulatif, leo ndiyo ametoka, na amevaa nyekundu! Sikuharakisha. Nilitembea katikati ya njia.

Karibu na soko, mwanamke mmoja nisiyemjua, ana kikapu cha viazi na mtoto mgongoni, akanizuia njia. Hakunisalimu wala kunipa pole, hakujua habari zangu. Alinishika mkono wa sweta akaukunja kidogo kuona ndani, kama mtu anayechagua kabeji.

"Hii ni nani amekushonea?"

"Mimi."

"Nauliza fundi."

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Lete kipimo."